Daftari la Jumamosi

Ukungu wa Mufindi hauna adabu:
unaingia zahanati bila hodi,
unaketi kwenye benchi na wagonjwa.
Nimeuzoea. Namwandika kila aingiaye,
jina, umri, kitongoji, ugonjwa, dawa,
kalamu ya bluu kwa homa na kikohozi,
nyekundu kwa aliyeshonwa.

Mama Lukelo alianguka kisimani.
Mwezi uliofuata alianguka mlangoni.
Mwezi wa tatu alipigwa teke na ng'ombe,
nami nalijua zizi lake: wanalala kuku.
Nikashona, nyuzi nne juu ya jicho.
Nikaandika ng'ombe.

Mwaka ule wa kipindupindu
bwana afya alitufunza jambo moja tu:
usimuulize mgonjwa amekosa nini,
muulize amechota wapi.
Tukachora kijiji kwenye karatasi ya manila,
nukta moja kwa kila aliyeharisha,
na nukta zikarundikana kama inzi
kwenye kijito kimoja, chini ya mianzi.
Tukakizungushia miiba. Ikaisha.

Basi usiku mmoja wa masika,
mbeta zimefurika ulanzi huko mashambani,
nimetoka kumshona Tulizo Nyenza kiganja,
nikalifungua daftari kurudi nyuma, mwaka mzima,
nikahesabu wino mwekundu peke yake.
Arobaini na moja.
Thelathini na wawili, Jumamosi ya malipo ya chai.
Ishirini na sita hawakufika hatua mia mbili
kutoka kilabu cha Sevelina, njia ya Igowole.
Nikatafuta manila.

Mtendaji aliitazama, akacheka kidogo.
Nesi, ugomvi ni shetani,
na mambo ya ndani ni ya ndani.
Nikamwambia, kipindupindu nacho kiliingia ndani,
mbona hatukumsingizia shetani?
Akanyamaza. Akaomba kalamu.
Akatia nukta moja kwa mkono wake,
nyumbani kwa dada yake,
ambayo mimi sikuwa nayo.

Haukuwa muujiza.
Malipo yalihamia Jumanne asubuhi,
duka la unga likiwa wazi.
Sevelina akapigilia misumari kumi na minne ukutani,
panga linalala pale kabla mwenyewe hajaketi;
alinung'unika wiki mbili, kisha akakiri
vikombe vyake havivunjiki tena.
Na Batazari Kikoti, mrusha ngumi wa kwanza siku zote,
tukampa tochi.
Anawasindikiza walevi mmoja mmoja,
anawasikiliza matusi yao hadi mlangoni,
anasema ni kazi ngumu kuliko kupigana.

Mwaka huu wekundu ni kumi na saba.
Mkaguzi wa wilaya akauliza, mbona uzi haujaisha?
Ningesema nini? Kwamba kuna kiganja
kimepita hapo nje kimebeba mwanzi,
kizima, wala hakijui?
Jeraha lisilokuja halina safu yake.

Na bado ni kumi na saba.
Kilabu kina saa ya kufungwa,
nyumba haina.

Juzi, Alhamisi, ukungu na Mama Lukelo
waliingia pamoja.
Nikatafuta damu. Hamna.
Kanga kavu, mtoto mgongoni, viatu ameshika mkononi.
“Hajanigusa,” akasema.
“Nimeona tu alivyokiweka kikombe.
Naomba nikae hapa mpaka alale.”
Nikachochea jiko, nikammiminia chai,
hii hii yetu, ya majani yaliyobaki,
nikamwita Batazari na tochi yake akae kizingitini.
Kisha nikafungua daftari,
kalamu mbili mbele yangu, nikashindwa kuchagua.
Nikachukua penseli.
Jina. Umri. Kitongoji.
Penye ugonjwa nikaandika:
amewahi.